Shangazi Akabidhi Kundi la Sokoni

Ifikapo tarehe 30 Septemba mwaka huu, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Mtunza Nzi Mkuu wa Idara ya Jenetiki atavua koti lake jeupe, atakabidhi funguo za chumba cha vizimba, na kwenda zake nyumbani. Cheo hicho kimeandikwa kwenye barua yake ya ajira, lakini sijawahi kumsikia mtu akikitumia. Sote tunamwita Shangazi. Mkurugenzi wetu, ambaye alifika hapa akiwa mwanafunzi mwembamba asiyeweza kufungua chupa bila nusu ya nzi kutoroka, naye humwita Shangazi mpaka leo, na akiitwa naye huacha mkutano akaitika.

Kamati ya jarida imenikabidhi kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu moja tu: ujirani. Mimi ni fundi wa hadubini, na mlango wangu unatazamana na wake. Tumegawana korido, birika la chai na nzi wanaopotea njia. Wahenga walisema kufa juu ya kidonda kwa nzi si haramu. Hawakusema lolote kuhusu nzi kufa ndani ya kikombe cha jirani, na malalamiko yangu juu ya jambo hilo Shangazi ameyapokea kwa miaka mingi kwa tabasamu moja lisilobadilika, kisha akaniuliza kama huyo aliyezama alikuwa dume au jike.

Aliajiriwa kuosha chupa. Hakukaa kwenye karo muda mrefu. Profesa aliyeanzisha idara alihitaji nzi wa matunda wa porini, wengi na wa kila namna, na katika wafanyakazi wote ni mwosha chupa mpya peke yake aliyekubali kwenda naye kuwakamata katika soko la matunda lililoko nyuma ya kituo cha mabasi. Walifika na ndoo, vyandarua na ndizi zilizooza. Wauzaji walipoona makoti meupe walidhani ni mabwana afya, wakaanza kufunika mapapai na kufagia kwa nguvu ambayo soko lile halijaiona tena. Shangazi alipita meza kwa meza akiwaomba wafunue, akawaeleza kwamba hawatafuti uchafu, wanatafuta nzi. Maelezo hayo hayakusaidia. Mama mmoja wa mananasi alimwonea huruma, akamshika mkono, akamwambia kwa upole kwamba nzi hata kwao bila shaka wapo, hakukuwa na haja ya kuja mbali namna hiyo. Mwishowe wakaondoka na nzi tele, na hao ndio waliokuwa mababu na mabibi wa Kundi la Sokoni, ambalo watafiti wamelifanyia kazi tangu siku hiyo.

Kwa ndugu na jamaa watakaosoma ukurasa huu bila kujua kwa nini watu wazima wanafuga nzi, nitaeleza kidogo, na wataalamu wanivumilie. Nzi wa matunda ni mdogo kuliko punje ya mchele na huzaa haraka kuliko uvumi unavyoenea. Kwa mbali wote ni sawa. Ukiwaweka chini ya hadubini iliyotunzwa vizuri utaona mmoja ana vinyweleo vingi na mwenziwe vichache, na ukiwafuatilia utakuta huyu anavumilia njaa na yule hata asubuhi hafiki. Tofauti hizo zimo katika jeni, na jeni zimepangwa juu ya nyuzi ziitwazo kromosomu, kila jozi ikiwa na uzi wa mama na uzi wa baba. Jike anapotengeneza mayai, nyuzi hizo mbili hukatwa na kuunganishwa upya, kipande cha bibi kikaja kukaa na kipande cha babu, na mtoto akazaliwa na mpangilio ambao haujapata kuwapo. Dume la nzi wa matunda halifanyi hivyo. Linapitisha uzi vilevile lilivyoupokea.

Habari hiyo ya dume ilimfurahisha Shangazi kupita kiasi. Kila alipowakaribisha wanafunzi wapya aliieleza taratibu, huku akiwatazama kwa zamu wahadhiri wa kiume wanaofundisha kwa noti zilezile tangu waajiriwe. Nyumbani nako haikupona. Mumewe, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, ameisikia mezani mara nyingi mno hata akiulizwa kwa nini husimulia kichekesho cha marehemu baba yake bila kubadili neno, hujibu mwenyewe kwamba yeye ni dume la nzi, alipokea na anapitisha.

Kazi yake kubwa ilikuwa kuchanganya. Vizimba vya Kundi la Sokoni ni vingi, na nzi wa kila kizimba wakikaa peke yao watageuka koo ndogondogo zinazooana zenyewe kwa zenyewe. Kwa hiyo kila baada ya Ijumaa moja Shangazi aliwamwaga wote katika kizimba kimoja kikubwa chenye wavu, akawaacha wakutane, halafu akawagawa upya. Siku hiyo chumba kilikuwa na amri zake. Aliyejipaka marashi alisimama nje. Aliyekuwa na haraka alisimama nje pia, kwa sababu mwenye haraka huchukua nzi walio karibu na mkono, wale wepesi kuruka, na kuwaacha walioganda ukutani, na akifanya hivyo mwaka mzima atakuwa ametengeneza kundi la nzi wa haraka bila kujua. Shangazi aliwakung'uta mpaka wa mwisho. Nimemwona akimbembeleza nzi mmoja mvivu kwa ncha ya brashi kwa muda ambao mimi ningekuwa nimekwisha kumsahau.

Kuna mwaka alikuja mkaguzi wa mali kutoka makao makuu, mtu makini mwenye vibandiko vya namba, ambaye tayari alikuwa amebandika kimoja kwenye birika letu. Alitaka kujua taasisi inamiliki nzi wangapi. Shangazi hakubishana naye. Alimletea kiti, akamwashia taa, akamfungulia kifuniko kidogo, akamwambia ahesabu kwa nafasi yake. Mkaguzi aliondoka kabla ya chakula cha mchana akiwa ameandika neno moja, "wengi", na vizimba vikapata kibandiko kimoja kwa pamoja.

Hapa nimtaje Mpishi, maana ndiye atakayepokea funguo. Mpishi huwapikia nzi uji wao wa unga wa mahindi, sukari na hamira, na alikuja kwetu kutoka jiko la hoteli, ambako nzi ni adui wa kazi. Siku yake ya kwanza aliona mmoja juu ya meza akamchapa kwa kitambaa kabla hajajua mkono umefanya nini. Shangazi alimtazama marehemu, akamtazama Mpishi, akasema tu kwamba shabaha anayo, sasa ajifunze kuitumia kwa kukosa. Tangu hapo wamefanya kazi pamoja kama dada na kaka wanaogombania chumvi, na uji wa Mpishi ni mzuri kiasi kwamba mgeni mmoja aliwahi kuuonja akaomba bakuli.

Sasa nifike kwenye jambo la mwaka jana, ambalo kila aliyepo katika jengo hili alitaka lijulikane mwisho wake kabla Shangazi hajaondoka.

Mwezi wa Machi, katika siku za mapumziko ya sikukuu, kiyoyozi cha chumba cha vizimba kilikufa. Hakuna wa kulaumiwa. Kilikuwa kizee na kilistahili kustaafu kabla ya Shangazi. Joto lilipanda na nzi wakafa, kizimba kwa kizimba. Waliosalia ni wachache waliokuwa kwenye rafu ya chini karibu na mlango, mahali ambapo kitambaa cha kupigia deki kilikuwa kimeachwa kikiwa na maji. Shangazi hakulia. Alivua viatu, akafagia maiti, akawapa waliobaki chupa mpya za uji, na kwa wiki kadhaa hakuna aliyethubutu kumsemesha asubuhi.

Nzi ni nzi. Kufikia Juni vizimba vilijaa tele kama zamani, na mvumo wao ulisikika hadi kwangu. Tukafurahi. Tulifungua soda kwenye korido, Mkurugenzi akatoa hotuba, Mpishi akatuimbia, na Shangazi alicheka kwa sauti kuliko sisi sote, akasema kundi limerudi. Tuliangalia wingi, tukaridhika. Watu wengine wakikosea hivyo wanasameheka, lakini sisi ni Idara ya Jenetiki.

Aliyegundua ni mwanafunzi wetu wa uzamivu, dada mmoja mtulivu tunayemwita Dokta Nywele kwa sababu utafiti wake ni kuhesabu vinyweleo vya nzi. Kazi yake ilikuwa kuwachagua wenye vinyweleo vingi zaidi wawe wazazi wa kizazi kinachofuata, kisha awaone watoto wao wakizidi, kizazi kwa kizazi. Katika Kundi la Sokoni jambo hilo halijawahi kukataa. Safari hii likakataa. Alichagua, akahesabu, akachagua tena, na watoto wakatoka na vinyweleo vilevile vya nyumbani. Kwanza tulimlaumu yeye, kwamba hesabu zinampita. Halafu wakailaumu hadubini yangu, jambo ambalo nimelisamehe lakini sijalisahau. Niliifungua, nikaisafisha, nikaifunga mbele ya mashahidi. Vinyweleo havikusogea.

Shangazi ndiye aliyeelewa, akiwa amesimama nyuma ya kiti cha Dokta Nywele akitazama hesabu za miezi ile. Nzi wote wale walikuwa wametoka kwa wachache wa rafu ya chini. Walikuwa wengi, lakini hawakuwa na cha kuchagua kati yao, maana kila kipande ambacho mama angekikata na kukiunga kilikuwa sawa na alichonacho upande wa pili. Alikwenda kukaa juu ya gunia la unga. Nilikuwapo mlangoni.

"Nimejaza nyumba watoto wa mama mmoja," alisema. "Na nikacheka."

Ilimuuma, na sitalificha hilo kwa kuwa leo ni siku ya furaha. Mtu aliyechanganya kwa miaka zaidi ya thelathini ili kundi lisipungukiwe na kitu alikuwa anakaribia kustaafu huku akiacha vizimba vilivyojaa utupu. Kurudi sokoni kusingesaidia. Wangekuwa nzi wengine, na kazi zote zilizofanywa juu ya kundi la zamani zingebaki zinaning'inia. Wiki ile alikuja kazini kwa wakati, alifanya kila kitu, na hakumtania mtu.

Kikao kiliitwa. Ndipo Mkurugenzi akakohoa, akainuka bila kuaga, akarudi na chupa ya kioo iliyozibwa kwa pamba, akaiweka mezani mbele ya Shangazi.

"Mimi ninayo ya kwangu," alisema, macho kayainamisha mezani.

Yafaa nieleze. Mwanafunzi akimaliza kwetu, Shangazi humpa chupa moja ya nzi wa Kundi la Sokoni aende nayo, kama mama anavyomfungia mtoto chakula cha njiani. Tulidhani wote huzimwaga kabla hawajafika kituoni. Kumbe Mkurugenzi alikuwa ameificha yake nyuma ya pazia la ofisi tangu alipohitimu, akiwahamisha nzi kwenye uji mpya kila wanapozaliana, uji ambao katibu wake muhtasi aliuchukua kwa Mpishi kwa siri akidai ni wa mgeni. Mpishi hapo akafahamu mengi.

Tukawaandikia wahitimu wote tuliokuwa na anwani zao. Majibu yalichekesha na kuhuzunisha. Mmoja, ambaye sasa yuko benki, alikiri kwamba mkewe alimpa siku moja achague kati yake na nzi, na alichagua sawasawa. Wengine walikuwa wamewapoteza zamani. Lakini waliobaki nao walikuwa wengi kuliko tulivyostahili. Chupa zilitoka kwenye maabara za mbali, nyingine zikiwa zimefungwa ndani ya soksi, na chupa yenye afya kuliko zote ilitoka kwa mwalimu wa sekondari ambaye huwatumia kufundishia darasa la biolojia, na wanafunzi wake hupokezana kuwalisha. Akiba haiozi, nilimwambia Shangazi. Akanijibu kwamba hii imeoza ndiyo maana nzi wanaipenda. Nikajua amerudi.

Hakukubali waingie moja kwa moja. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na nzi mgeni hakosi utitiri. Kila chupa ilikaa stoo peke yake, vizazi viwili, mpaka alipohakikisha haina mdudu wa ziada, na kila mtu aliyetoka stoo aliosha mikono mpaka viwiko, Mkurugenzi akiwemo. Alitueleza pia tusitarajie muujiza. Chupa moja ni ukoo mmoja, na kila moja ilikuwa imepoteza mengi katika miaka ya kukaa peke yake. Ila hazikupoteza mambo yaleyale. Kila chupa ilikuwa maskini kwa namna yake, na hilo ndilo lililompa tumaini.

Mwezi wa Aprili mwaka huu akawamwaga wote pamoja: wa rafu ya chini, wa nyuma ya pazia, wa darasani, wa ndani ya soksi. Hapo ikabidi kusubiri, kwa sababu kukutana peke yake hakutoshi. Mama mmoja hukata na kuunga mara chache tu, na vipande vilivyozoea kusafiri pamoja huchukua vizazi kadhaa kuachana na kupata majirani wapya. Agosti Dokta Nywele akaanza upya kuchagua na kuhesabu. Kalenda ikawa inakimbia kuelekea Septemba, na sisi tukaanza kumwangalia Dokta Nywele usoni kila alipotoka chumbani, mpaka akaomba tuache.

Mkurugenzi alimwita Shangazi akampa mkataba wa mwaka mmoja zaidi, ili aone mwenyewe mwisho wake. Barua ilikuwa tayari, imebaki sahihi tu. Shangazi aliisoma yote, akamshukuru kwa heshima, akairudisha.

"Mwanangu, nzi hawanijui," alimwambia. "Wanajua uji na joto la kiasi. Kama hawawezi kuishi bila mimi, basi kiyoyozi hakikuwa na kosa, niliwaharibu mwenyewe tangu zamani."

Tangu siku hiyo kazi ya kuchanganya anafanya Mpishi. Ijumaa ya kwanza tulitegemea Shangazi asimame nyuma yake. Alikaa chumbani kwangu, mgongo kaupa mlango, akanichambulia lenzi zangu moja moja na kuzikosoa. Mpishi alipotoka, jasho linamtiririka, akasema amewakung'uta mpaka wa mwisho. Shangazi hakwenda kuhakiki. Mimi ndiye niliyekwenda kuchungulia, na ninaweza kushuhudia kwamba ukutani hakubaki mtu.

Wiki iliyopita, jarida likiwa karibu kwenda kuchapwa, Dokta Nywele alitoka na karatasi ya kizazi cha kwanza. Vinyweleo vimesogea. Kidogo, alisisitiza, wastani umepanda kidogo tu, na kizazi kimoja si ushahidi. Hakuna aliyefungua soda. Mpishi alirudi kukoroga uji wake akipiga mluzi kwa furaha, na Shangazi aliitazama karatasi, akairudisha kwa mwenyewe, akasema ahesabu tena Jumatatu. Jumatatu ya matokeo yenyewe, yale ya kuaminika, itafika akiwa hayupo.

Anakwenda kwa mumewe, kwa binti zake wawili na wajukuu wanaosubiri kufundishwa ubishi, na katika nyumba ambayo, nimeshuhudia kwa macho yangu, matunda hufunikwa kwa wavu na nzi akionekana jikoni hatoki salama. Anasema atalala Ijumaa. Anasema pia kwamba atampeleka mumewe mahali apate kichekesho kipya.

Jana tulimwomba atuachie namba yake ya simu, tukamwahidi kwamba matokeo yakitoka tutampigia siku hiyohiyo. Aliiandika kwa kalamu nene juu ya mlango wa chumba cha vizimba, akatugeukia.

"Mkifaulu, andikeni kwenye majarida yenu, nitasikia. Mkiharibu ndiyo mnipigie, saa yoyote, nitakuja."

Shangazi, kwa niaba ya Mkurugenzi, Mpishi, Dokta Nywele, wote uliowafungia chupa ya njiani, na jirani yako mwenye chai iliyoingia nzi, tunakushukuru. Ulitupokea hatujui kushika brashi na ukatuvumilia mpaka tukajua. Tutakukumbuka, na mimi nitakukumbuka kuliko ninavyopenda kuandika katika jarida la ofisi. Ishi vyema, ishi sana, wewe na wako wote. Na Mungu akujalie miaka mingi ambayo simu yako haitalia hata mara moja kutoka kwetu.